Kuwatazama Pomboo na Nyangumi: Mwongozo kwa Manahodha, Waongozaji na Wenye Boti

Makosa mengi yanayofanywa baharini mbele ya pomboo huanzia nchi kavu. Huanzia kwenye meza ya mapokezi ya hoteli, kwenye bango la barabarani, au kwenye ujumbe wa simu unaomwambia mgeni kwamba kesho asubuhi ataogelea na pomboo. Aliyeuza safari hiyo hayumo botini. Anayebaki na mzigo ni nahodha, ambaye alfajiri hukabidhiwa abiria waliokwisha kulipia kitu ambacho hakuna binadamu anayekimiliki, yaani hiari ya mnyama huru wa baharini. Ahadi ni deni, na deni lisilolipika humsukuma mdaiwa kwenye njia za mkato. Ndipo mwendo unapoongezwa, kundi linapokatizwa njia, na wageni wanapohimizwa kuruka majini mbele ya wanyama wanaojaribu kuondoka.

Mwongozo huu unawahusu manahodha, mabaharia, waongozaji wa watalii, wenye boti, na wafanyakazi wa hoteli na wakala wanaouza safari za kuwatazama mamalia wa baharini katika pwani ya Afrika Mashariki. Mifano mingi imechukuliwa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambako kazi hii ina historia ndefu, lakini kanuni zenyewe zinafaa pia Mnemba, Mafia, Shimoni, Wasini na Watamu. Msingi wake ni mmoja: bidhaa inayouzwa ni safari ya kutazama iliyoendeshwa kwa utaalamu. Ukaribu na mnyama si bidhaa, na hauwezi kuahidiwa.

Mtaji wa kazi hii

Kabla ya utalii, wavuvi wa Kizimkazi waliwavua pomboo kwa nyama na kwa chambo cha papa. Safari za kuwapeleka wageni kuwatazama zilianza mwaka 1992, na haikuchukua miaka mingi kabla pomboo aliye hai hajawa na thamani kubwa kuliko yule aliyekatwa vipande vya chambo. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ambako Kizimkazi ipo, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Badiliko hilo ni la heshima kwa jamii ya wavuvi, kwa kuwa ni wao walioweka chusa kando na kushika kazi mpya. Heshima hiyo hupungua pale mnyama aliyeepushwa na chusa anapokoseshwa raha na injini.

Pomboo wanaoishi katika maji hayo mwaka mzima ni wa aina mbili. Wa kwanza ni Tursiops aduncus, mwenye pua mfano wa shingo ya chupa. Wa pili ni Sousa plumbea, anayetambulika kwa nundu chini ya pezi la mgongoni, na ambaye ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa spishi zilizo hatarini kutoweka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba pomboo wa aina ya kwanza kusini mwa Unguja hawakufika 200, na wa aina ya pili walikuwa wapatao 60. Jike huchukua mimba kwa takriban miezi 12, huzaa mtoto mmoja tu, humnyonyesha kwa muda mrefu, na miaka kadhaa hupita kabla hajazaa tena. Kundi dogo linalozaa polepole halina akiba. Wakifa wachache kila mwaka kwa nyavu za jarife, na watoto wachache wakakosa kukua kwa kusumbuliwa, upungufu huo hauzibiki kwa msimu mmoja wala miwili.

Athari ya boti imepimwa Kizimkazi kwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii zinapokuwepo, pomboo hupunguza muda wa kula, wa kushirikiana wao kwa wao na wa kupumzika, huku muda wa kusafiri ukiongezeka sana. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba majike hubadili mwenendo wao boti na waogeleaji wanapozidi.

Maana ya matokeo hayo ni rahisi kueleweka kwa mtu wa bahari. Pomboo hupumua hewa kwa hiari yake, kwa hiyo hawezi kulala fofofo kama binadamu. Upande mmoja wa ubongo hupumzika huku mwingine ukiangalia usalama na pumzi. Usingizi wa namna hiyo huhitaji utulivu, na mara nyingi pomboo huutafuta katika maji ya kina kifupi karibu na pwani, mahali palepale boti zinapopita. Mama anayekimbizwa hatulii kumnyonyesha mtoto. Kundi lililovunjiwa mapumziko asubuhi huingia mchana likiwa limechoka, na kesho yake boti hurudi tena. Kwa hiyo mapumziko ya pomboo ndiyo mtaji wa kazi hii. Anayeyavunja kila siku anakula mtaji huku akidhani anakula faida.

Ahadi kabla ya safari

Maneno ya kuuzia safari yanapaswa kuwa ya kweli na yanayotekelezeka. Tangazo linaweza kusema kwamba wageni watapelekwa katika maji wanamoishi pomboo, wakiwa na nahodha mzoefu na mwongozaji atakayeeleza maisha ya wanyama hao, na kwamba safari itahusisha pia kuogelea kwenye mwamba penye maji matulivu. Tangazo halipaswi kusema kwamba pomboo wataonekana kwa hakika, wala kwamba wageni wataogelea nao, wala kuonyesha picha ya mtu akimgusa mnyama. Picha ya aina hiyo huahidi kosa kabla boti haijasukumwa majini.

Malipo nayo yaelezwe mapema na kwa maandishi. Mgeni ajue kama kiasi fulani kitarudishwa pomboo wasipoonekana au bahari ikichafuka, au kama hakitarudishwa. Utaratibu ulio wazi humwondolea nahodha shinikizo la kutafuta pomboo kwa gharama yoyote. Mahali ambapo hoteli na wakala hawakubaliani na utaratibu huo, chama cha wenye boti kina nguvu ya kuusimamia kwa pamoja kuliko mwenye boti mmoja mmoja, ambaye akikataa leo mwenzake atakubali kesho.

Maelezo kwa wageni hutolewa ufukweni, kabla ya kupanda, wakati injini iko kimya na kila mtu anasikia. Maelezo hayo huchukua muda mfupi na hugusa mambo manne: usalama wa chombo, tabia ya wanyama watakaotazamwa, yasiyoruhusiwa, na uwezo wa nahodha kuahirisha au kukatisha safari. Jaketi la kuokolea huvaliwa papo hapo, na watoto hupewa la kipimo chao. Mgeni asiyejua kuogelea hutambuliwa mapema na kwa staha, bila kutangazwa mbele ya wenzake.

Chombo hukaguliwa kabla ya kila safari: mafuta ya kutosha kwenda, kurudi na akiba, kasia au injini ya dharura, nanga na kamba, kifaa cha kutolea maji, sanduku la huduma ya kwanza, maji ya kunywa, na simu au redio inayofanya kazi. Hali ya upepo na maji huangaliwa pia. Pwani ya kusini mwa Unguja iko wazi kwa kusi, na asubuhi tulivu inaweza kugeuka kabla ya adhuhuri. Usajili na ukaguzi wa vyombo na leseni za waongozaji hufuata mamlaka za kila eneo. Kwa Zanzibar, vyombo viko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini na utalii uko chini ya Kamisheni ya Utalii.

Kusoma mwenendo wa kundi

Umahiri wa kwanza wa nahodha anapoliona kundi ni kusimama mbali na kulisoma. Dakika 5 za kutazama kabla ya kusogea huonyesha kundi linafanya nini, na jambo hilo ndilo huamua kama boti itasogea au haitasogea.

Kundi linalopumzika huenda taratibu, miili ikikaribiana. Huzama pamoja na kuibuka pamoja, kwa pumzi zenye mpangilio, bila kurusha maji. Kundi linalokula hugeuka ghafla huku na huko, samaki huruka juu ya maji, na mara nyingi ndege huonekana angani wakizunguka na kujitupa baharini. Kundi linalocheza husuguana, hufukuzana na kuruka. Kundi linalosafiri hushika upande mmoja kwa mwendo ulio sawa. Watoto hutambulika kwa udogo wao na kwa jinsi wanavyoambatana na ubavu wa mama.

Uamuzi hufuata mwenendo huo. Kundi linalopumzika hutazamwa kwa mbali tu. Kundi linalokula huachiwa nafasi, kwa kuwa boti ikiingia kati ya pomboo na samaki imeiharibu karamu nzima. Kundi lenye mtoto mchanga halikaribiwi, hata kama wageni wanaomba. Kundi linalocheza au linalosafiri taratibu linaweza kufuatwa kwa ubavuni, kwa masharti yatakayoelezwa hapa chini.

Dalili za kusumbuka pia zina lugha yake. Pomboo wanaobadili uelekeo mara kwa mara, wanaokaa chini ya maji muda mrefu kuliko mwanzo, wanaopiga maji kwa mkia, wanaokusanyana ghafla au kutawanyika, au mama anayejiweka kati ya boti na mtoto wake, wote wanasema jambo moja. Dalili moja ikionekana, nahodha hupunguza mwendo na kuongeza umbali. Zikionekana mbili, utazamaji umekwisha.

Kukaribia, kukaa na kuondoka

Pale ambapo kanuni ya hifadhi au ya chama cha wenye boti imetaja kipimo kikali zaidi, kipimo hicho ndicho kinachofuatwa. Pasipo na kanuni, vipimo vifuatavyo ni salama kwa kazi.

Mwendo hupunguzwa kuanzia takriban mita 300 kutoka kwa kundi, mpaka boti isiache mkia wa mawimbi nyuma yake. Kukaribia hufanywa kutoka ubavuni na kwa kulingana na uelekeo wa pomboo. Kuwajia kwa mbele ni kuwakatia njia, na kuwajia kwa nyuma ni kuwafukuza. Umbali wa mwisho ni mita 50. Kwa boti ya urefu wa mita 8, hiyo ni takriban urefu wa boti 6, na baharia mwenye jicho lililozoea huupima bila kifaa. Boti haipiti katikati ya kundi, haizunguki kundi, na haiwatenganishi mama na mtoto.

Sauti nayo ina uzito wake. Katika maji ya chumvi sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na pomboo hutegemea sauti kutafuta chakula na kuwasiliana. Kuongeza na kupunguza moto wa injini ghafla, kubadili gia mara kwa mara na kugonga ubavu wa boti ili kuwaita ni kelele inayowafikia wote kwa pamoja. Mwendo mmoja ulio sawa huwapunguzia usumbufu.

Boti mbili zinatosha kwa kundi moja. Nyingine husubiri mbali, angalau mita 300, na hupokezana kwa makubaliano ya redio au simu. Kila boti hukaa na kundi kwa muda usiozidi dakika 30, na pale boti zinapokuwa nyingi muda huo hupunguzwa ili jumla ya usumbufu isiwe ya asubuhi nzima. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hali ni hiyohiyo kwa kundi lililozungukwa na manahodha wengi wasiosemezana. Utaratibu wa zamu hauwezi kusimamiwa na mtu mmoja. Ni makubaliano ya gati zima, na kila anayeyavunja huwaondolea wenzake sababu ya kuyashika.

Pomboo wanapokuja wenyewe kucheza kwenye omo, mwendo na uelekeo hubaki vilevile, bila kugeuza usukani kuwafuata. Wakiwa karibu na boti iliyosimama, gia haiingizwi mpaka baharia aliye tezi athibitishe kwamba panga la injini liko mbali nao na mbali na mtu yeyote aliye majini. Wakati wa kuondoka, boti hutambaa mpaka umbali wa mita 300 kabla ya kuongeza mwendo. Kuondoka kwa ghadhabu ya injini hufuta utulivu wote uliotunzwa wakati wa kukaribia.

Chakula hakitupwi majini, wala mnyama halishwi kwa mkono. Pomboo aliyezoea kulishwa hujifunza kuisogelea boti, na boti nyingine itakayofuata inaweza kumjeruhi kwa panga. Taka zote hurudi pwani.

Kuingia majini

Suala la kuogelea ndilo lenye ubishi mkubwa, na uzoefu wa nchi nyingine una funzo. New Zealand, yenye kanuni za kuwalinda mamalia wa baharini tangu mwaka 1992, iliondoa ruhusa ya kuogelea na pomboo wa Bay of Islands mwaka 2019 baada ya idadi yao kushuka. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2021 kuwasogelea pomboo wa Hawaii wanaopumzika mchana kwenye ghuba, kwa umbali wa chini ya yadi 50, yaani takriban mita 46, iwe kwa boti au kwa kuogelea. Misri, kwenye mwamba wa Samadai katika Bahari ya Shamu, iligawa eneo tangu mwaka 2004: sehemu moja ya pomboo peke yao, sehemu moja ya waogeleaji na sehemu moja ya boti, kwa saa maalumu na idadi maalumu ya wageni. Nchi hizo zimefika kwa njia tofauti kwenye kanuni inayofanana, kwamba mnyama awe na mahali na saa ambapo binadamu hamfuati.

Kwa kazi ya pwani hii, msimamo ulio salama ni kwamba kutazama kutoka botini ndiyo huduma kamili. Kuogelea na pomboo hakuingizwi katika bei wala katika tangazo. Mahali ambapo kanuni za eneo zinakataza kuogelea, suala limekwisha. Mahali ambapo zinaruhusu, nahodha huruhusu tu pale masharti yote yanapotimia: kundi halipumziki, halili na halina mtoto mchanga, bahari ni tulivu, hakuna boti nyingine karibu, na pomboo wanabaki mahali hapo kwa hiari yao.

Masharti hayo yakitimia, wageni wachache, wasiozidi 6, huingia pamoja na mwongozaji mmoja. Injini huzimwa kabla mtu wa kwanza hajagusa maji. Wageni huketi ukingoni na kuteleza polepole, kwa kuwa mtu anayeruka na kupiga maji huwatangazia pomboo kwamba kuna jambo la kukimbia. Wakiwa majini huelea juu, mikono karibu na mwili, na hubaki pamoja. Hawawafuati pomboo, hawazamii kuwaelekea na hawawagusi. Pomboo akija, yeye ndiye aliyekuja. Akiondoka, ameondoka. Nahodha hubaki kwenye usukani muda wote, na baharia mmoja huhesabu vichwa bila kuacha.

Kinachokatazwa kabisa ni ule mchezo wa kuwapita pomboo, kuwamwaga wageni mbele yao, kuwaokota na kukimbia kuwatangulia tena. Kwa wanyama ni kufukuzwa kusikokwisha. Kwa binadamu ni hatari ya wazi, maana watu wanapanda na kushuka kwenye boti zinazogombania nafasi, karibu na mapanga yanayozunguka. Kundi likiondoka baada ya wageni kuingia mara moja, hawaingii tena. Hamu ya kuogelea hutimizwa kwenye mwamba, ambako samaki na matumbawe hutazamwa bila kukanyagwa.

Nyangumi na nguva

Kuanzia Julai hadi Oktoba, nyangumi wenye nundu hupita na kuzaa katika maji ya Kenya na Tanzania, wakitoka bahari baridi za kusini. Wanyama hao waliwindwa sana katika karne iliyopita, na usitishaji wa uwindaji wa kibiashara wa nyangumi kwa jumla ulianza kutekelezwa mwaka 1986. Katika maji ya joto mama hula kidogo sana au hali kabisa, huku akimnyonyesha mtoto kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini. Kila mara anapokimbizwa anatumia akiba aliyoihitaji kwa safari ya kurudi kusini na mtoto wake.

Umbali kwa nyangumi ni mita 100 au zaidi, na kwa mama mwenye mtoto ni zaidi ya hapo. Kuogelea naye hakuruhusiwi katika safari inayofuata mwongozo huu. Nyangumi mkubwa ana uzito wa takriban tani 30, na pigo moja la mkia, hata lisilokusudiwa, linaweza kuvunja boti ya mbao au kumuua mtu. Akizama, nahodha hasogei mahali alipoonekana mwisho. Husubiri, kwa kuwa ataibuka mahali asipopajua mtu.

Nguva ni jambo tofauti. Wamebaki wachache mno, na katika Tanzania huonekana zaidi maeneo ya Rufiji, Mafia na Kilwa penye majani ya baharini. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki walitajwa kimataifa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Hakuna safari ya kuwatafuta inayofaa kuuzwa. Akionekana, boti hukata mwendo, hubadili njia, na taarifa hupelekwa kwa maofisa wa uvuvi au wa hifadhi.

Haki na wajibu kazini

Nahodha ndiye mwenye dhamana ya chombo na neno la mwisho baharini ni lake. Haki hiyo inapaswa kuandikwa katika makubaliano yake ya kazi: ana uwezo wa kuahirisha safari kwa sababu ya hali ya bahari, kukataa kuwakaribia wanyama na kukataza watu kuingia majini, bila kukatwa ujira wala kunyimwa zamu inayofuata. Uwezo usiolindwa na mkataba hubaki maneno matupu siku mwenye boti anapokasirika.

Ujira wa nahodha na baharia usitegemee bakshishi peke yake, wala ukaribu wa pomboo. Mtu anayelipwa kwa kadiri mgeni alivyofurahi ana sababu ya kuvunja kanuni kila asubuhi. Mtu anayelipwa kwa siku ya kazi iliyofanywa vizuri ana sababu ya kuishika. Wenye boti wanaojali kazi hii hulipa kwa siku, hugharimia mafunzo ya huduma ya kwanza na uokoaji, na hutoa majaketi mazima badala ya yale yaliyochanika.

Wajibu wa mwongozaji ni kuzungumza. Mara nyingi mgeni anayelazimisha kusogezwa karibu hajaelezwa anachokitazama. Akiambiwa kwamba pomboo wale wanaoibuka pamoja taratibu wako usingizini, utulivu wa boti huwa sehemu ya raha yake. Maelezo mazuri hujaza nafasi ambayo mwendo wa injini ulikuwa ukijaza. Kwa sababu hiyo, mwongozaji anayejifunza majina, tabia na dalili za wanyama anamsaidia nahodha kuliko baharia wa pili.

Wajibu wa hoteli na wakala ni kuacha kuuza ahadi isiyotekelezeka na kupeleka wageni kwa boti zinazofuata utaratibu, hata kama bei yake iko juu kidogo. Wajibu wa wavuvi na wa watu wa utalii ni kuelewana kuhusu nyavu za jarife katika njia za pomboo, maana bahari ni moja na hasara ni ya wote. Pomboo aliyenaswa au aliyekwama ufukweni huripotiwa mara moja. Wakati wa kusubiri msaada, ngozi yake hulowanishwa na kukingwa jua, tundu la kupumulia juu ya kichwa huachwa wazi bila kuingizwa maji, na mnyama haburutwi kwa mkia wala kwa mapezi.

Kumbukumbu na kupanda ngazi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila boti inastahili daftari la safari lenye tarehe, saa ya kuondoka na kurejea, hali ya bahari, idadi ya abiria, mahali kundi lilipoonekana, makadirio ya idadi yake, kuwepo kwa watoto, mwenendo wa wanyama, idadi ya boti zilizokuwepo na muda uliotumika. Kazi hiyo huchukua dakika chache jioni. Baada ya mwaka mmoja, daftari huonyesha pomboo hupumzika wapi na saa ngapi, na hivyo huwapa wenye boti hoja ya kuomba sehemu fulani iachwe tulivu. Picha za mapezi ya mgongoni zina thamani pia, kwa kuwa watafiti humtambua pomboo mmoja mmoja kwa alama na mikato ya pezi lake.

Anayetaka kupanda ngazi katika kazi hii ana njia iliyo wazi: leseni halali, cheti cha huduma ya kwanza, ujuzi wa kuokoa maisha majini, lugha moja ya ziada, na daftari lililojazwa kwa uaminifu. Nahodha mwenye vitu hivyo hutafutwa na watafiti, hoteli makini na wageni wanaorudi. Jina lake hujengwa na miaka ya safari ambazo hakuna aliyeumia, awe binadamu au mnyama.

Nahodha hana uwezo wa kuahidi pomboo. Ana uwezo wa kuahidi mambo matatu na kuyatimiza kila siku: kwamba abiria wote watarudi salama, kwamba wataambiwa ukweli kuhusu wanachokiona, na kwamba wanyama wataachwa katika hali waliyokutwa nayo. Hiyo ndiyo ahadi inayofaa kuuzwa pwani.